Somo la Tomaso

Mwaliko ulikuja kwa simu, kwa sauti ya kijana mwenye adabu sana. Aliniamkia shikamoo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia vizuri, akajitambulisha kuwa ni mtoto wa Mtumishi Sospeter, yule aliyekuwa meneja wetu. Baba yake walikuwa wamekwisha kumzika, na sasa familia inaandaa ibada ya kumbukumbu hapa Mwanza. "Mzee Lameck, wewe ndiye uliyekuwa Msomaji, baba alikuwa anakutaja," akasema. "Tungependa utusomee somo moja, lile la Tomaso. Tumelichapisha upya kwenye kijitabu. Vijana wengi wa mauzo watakuwepo, watabarikiwa." Nilikuwa nimekaa kibarazani na sahani ya viazi vitamu mapajani. Nikamwambia nitamjibu kesho, nikaweka sahani chini. Niseme mapema, ili msomaji asikae akisubiri nilainike: nina hasira. Nina hasira na marehemu, nina hasira na nafsi yangu, na nina hasira na lile somo ambalo limedumu kuliko watu lililowaumiza. Naweza kulichukia kwa haki, maana niliyeliandika ni mimi.

Ulikuwa ule mwaka wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, ambao maduka ya Mwanza yalijaa vitu ghafla, hata mtu akawa anasimama dirishani bila kujua aangalie kipi kwanza. Sabuni zenye harufu, redio, betri, masufuria mepesi kama karatasi. Kampuni yetu iliuza karabai, taa za mafuta za kupiga pampu, kutoka nje, kila moja ndani ya boksi lake lenye picha ya familia ya kizungu inayotabasamu mezani. Tuliwauzia wenye vibanda, wenye mabucha, na zaidi wavuvi wa dagaa, ambao bila taa hawana kazi. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo usiku wa giza mvuvi huweka karabai juu ya maji, nao hukusanyika chini yake. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala nyumbani, na hapo ndipo sisi tulipokwenda mialoni, kwenye fukwe wanakoegesha mitumbwi, kuwauzia. Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani la pamba nyuma ya soko. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye nyavu za madirisha, na upepo wa ziwani ukivuma zilicheza kama ndevu za mzee. Humo ndani palikuwa na mabenchi, meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza maboksi yamepangwa mpaka karibu na dari. Mgeni aliyeingia asubuhi angedhani ni kanisa linalohifadhi mizigo.

Kila asubuhi tulianza na neno. Sospeter, ambaye hakutaka tumwite meneja bali Mtumishi, aliamini kwamba muuzaji anayetoka bila kusoma anatoka uchi. Na niseme ukweli hata kama hasira yangu haipendi: miezi ya kwanza lile neno lilinisaidia. Nilikuwa mwoga wa milango. Kugonga kwa mtu usiyemjua, ukasikia mtoto akiambiwa "mwambie hatupo", kunaumiza zaidi ya unavyofikiri. Tulikuwa na kijitabu chembamba cha ibada za wafanyabiashara, ukurasa mmoja kwa kila siku: fungu, maelezo mafupi, sala. Mimi ndiye niliyekisoma kwa sauti mbele ya wote, ndiyo maana wakaniita Msomaji. Kulikuwa na ukurasa wa kutochukia wanaokukataa, na mwingine wa kupumzika bila hatia siku usiyouza kitu. Ulikuwepo na wa mizani ya haki, ambao niliusoma mara moja tu. Tulipoufikia mara ya pili, Sospeter aliufunika kwa kiganja chake kipana. "Huo ni wa wauza nyama," akasema. "Sisi hatupimi kitu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikageuza ukurasa.

Baada ya somo kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Aliyeuza vizuri jana yake alisimama kutoa ushuhuda. Asiyeuza alikaa kwenye kiti cha katikati, kiti cha mbao kisicho na mgongo, akazungukwa na kuwekewa mikono kichwani ili afunguliwe. Kutokuuza kulikuwa ni kufungwa, na kufungwa kulikuwa na sababu, na sababu ilitafutwa kwa sauti mbele ya watu: labda una kinyongo, labda hujamsamehe mama mkwe. Kisha tulitoka nje kwa Mama Kulwa, aliyeuza chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha mlangoni. Yeye alisikia kila kitu kupitia dirisha. "Leo nani kafunguliwa?" alikuwa akiuliza huku anamimina. "Maana mimi juzi sikuuza mihogo, ilikuwa mvua. Na mvua nayo ina kinyongo?"

Tabitha alikuwa mmoja wetu, mwanamke mrefu wa Kagera, Mlutheri, mwenye sauti nzito na ulimi usioogopa. Aliuza kisiwani Ukerewe, mialo ya karibu na Nansio. Alikuwa na namna yake ya kuuza. Hakumpa mtu boksi lililofungwa. Alilifungua mbele ya mteja, akaitia karabai mafuta, akaiwasha kwa spiriti, akapiga pampu, kisha akakaa. Alikaa akipiga soga mpaka tangi likapata moto, ndipo akapitisha kidole kwenye maungio yake na kukinusa. Karabai nyingine zilikuwa nzima kabisa. Nyingine zilitoa mafuta kwenye maungio zikishapata moto, na hizo alizirudisha Mwanza. Watu wa kule walimzoea hivyo. Walikuwa wakimsubiri yeye, hata kama muuzaji mwingine alikuwa amefika kabla yake.

"Zimerudi tena?" Sospeter alimwuliza siku moja, mbele yetu wote.

"Zimerudi, Mtumishi. Zinavuja."

"Zimerudi kwa sababu umezifungua. Boksi lililofungwa halina kasoro."

"Mayai nayo yamefungwa, Mtumishi. Lakini Mama Kulwa huyatia majini kwanza, aone lililooza."

Kicheko kilitoka nje ya dirisha, cha Mama Kulwa mwenyewe. Sospeter hakucheka. Mchana ule aliniita mezani kwake. Alikuwa anakula sato wa kukaanga na ugali, akanikaribisha, nikanawa. Aliniambia kijitabu kimekwisha na hakuna kingine, na kwamba mimi nina Kidato cha Nne na mkono mzuri, kwa hiyo kuanzia sasa nitaandika masomo mwenyewe, tuyachape kwa stensili, na wauzaji wote wabebe. Nilivimba kwa furaha. Kisha akanyonya mwiba, akauweka pembeni mwa sahani, akauliza, "Msomaji, nani kwenye Biblia alikataa kuamini mpaka aone?"

"Tomaso, Mtumishi."

"Basi niandikie Tomaso. Wateja wamekuwa Tomaso. Kila mmoja anataka awashiwe kwanza. Tumefika mahali muuzaji wetu mwenyewe anawafundisha."

Alijua zinavuja. Sitaki mtu aniambie leo kwamba marehemu hakujua. Karabai iliyotumika ofisini kwake aliichagua baada ya kuwasha kadhaa, na aliyempigia pampu ni mimi. Nami nilijua. Lakini nilikwenda nyumbani nikaandika kabla hata ugali haujaiva, na liliandikika kwa urahisi wa kutisha. Niliandika kwamba kuna wateja wa aina mbili, wa kuamini na wa kupapasa, na kwamba muuzaji anayefungua boksi anakuza mashaka ya mwenzake. Nililichukua lile neno la mwisho, la heri ya kusadiki bila kuona, nikajenga juu yake kama nyumba. Yaliyotangulia niliyaruka. Nilikuwa nimekulia Sunday school, niliyajua kwa moyo, na niliyaruka.

Somo lilipendwa. Nikaombwa kulirudia Jumatatu zote. Ndani ya muda mfupi mteja mgumu akawa anaitwa Tomaso, na Tabitha akawa Mama Tomaso. "Mama Tomaso, umemshika ubavu nani leo?" vijana walimtania, naye mwanzoni alijibu kwa utani. Kisha akaanza kukaa kwenye kile kiti cha katikati. Mara moja, mara ya pili, halafu karibu kila akirudi kutoka kisiwani. Namkumbuka akiwa ameketi wima, macho wazi, mikono ya watu wazima imejaa kichwani kwake mpaka kilemba kinatoka, na mimi nimesimama mbele nikisoma kwa ile sauti yangu ya kwaya ambayo kila mtu aliisifu. Baada ya hapo tulikula pamoja juu ya mawe nje ya ghala, kwa sababu hakuwa mtu wa kususa. Siku moja alikata muhogo wake vipande viwili, akanipa kimoja. "Unaandika vizuri sana, kaka Lameck," akasema. "Ungeandika barua za mapenzi usingemdhuru mtu." Nilikula muhogo wake.

Mwishoni Sospeter akamwambia waziwazi: ukirudi tena na maboksi, usirudi. Tabitha alikuwa amepanga chumba Igogo na watoto wawili, na mume aliyekuwa amekwenda machimboni akanyamaza huko. Kazi nyingine haikuwepo. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na waliopunguzwa walikuwa wanagombania hata kuuza karanga. Safari iliyofuata nilitumwa kwenda naye, kwa jina la kumtia moyo. Melini alikaa juu ya maboksi mpaka tukafika Nansio.

Mzee Magesa alikuwa na mitumbwi ya dagaa na heshima kubwa mwaloni. Tulimkuta amekaa juu ya kapu lililogeuzwa, anashona wavu.

"Shikamoo, baba," Tabitha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Leta moto tukae."

"Leo hatuwashi, baba. Kuna utaratibu mpya."

"Utaratibu wa namna gani?"

Hapo nikaingilia mimi. Nikamweleza mzee yule, kwa maneno ya somo langu karibu yote, kwamba kitu kizuri hupokelewa kwa imani, na kwamba anayetaka kupapasa kwanza anajinyima baraka. Alinisikiliza huku sindano ya wavu ikiwa imesimama hewani. "Wewe kijana sikujui," akasema, bila ubaya. Akamgeukia Tabitha. "Lakini huyu namjua. Huyu hajawahi kuniuzia kitu asichokijua. Kama yeye ameona hakuna haja ya kuwasha, mimi ni nani?" Akachukua mbili. Tabitha alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi wenye chuki maishani, na wote nimewasahau nyuso. Yeye hakuwa na chuki. Alikuwa anasubiri niseme jambo. Nilisema, "Asante mzee, Mungu akubariki."

Habari zilitufikia kwa mchuuzi wa samaki. Mzee Magesa alikuwa pwani ya ziwa jioni, anapiga pampu kabla ya kushusha mtumbwi, tangi likaachia kwenye maungio. Moto ulimpata uso na mkono wa kulia. Mchuuzi alieleza akiwa amesimama kwa Mama Kulwa, kikombe mkononi, na Mama Kulwa akaacha kumimina chai ikiwa imefika nusu. Tabitha alikaa chini pale pale, kwenye udongo.

Kesho yake asubuhi ghala lilijaa. Nilidhani tutamwombea mzee. Nilidhani hata kampuni itatuma mtu Nansio. Sospeter alisimama nyuma ya kitambaa cheupe, akasema kwamba adui amepiga kazi yetu, na kwamba lazima tujiulize alipitia mlango gani. Akasema karabai ile ilibebwa na mikono yenye mashaka. Akaonyesha kiti cha katikati, akamwita Tabitha aketi aombewe, na mimi akaniambia nisome Tomaso. Mpaka leo, kila nikilifikiria hili, najikuta nimekunja ngumi mbele ya sahani au kitandani au njiani kwenda dukani. Mtu ameungua mkono, na anayetafutiwa dhambi ni yule pekee aliyekuwa akiwasha.

Tabitha alikwenda mpaka kwenye kiti lakini hakukaa. Alisimama nyuma yake. "Soma, Lameck," akasema. "Ila leo soma lote. Anzia pale alipoomba kuona."

Nilikuwa na Biblia mkono mmoja na karatasi yangu mkono mwingine. Sikusoma chochote kati ya hivyo viwili.

"Basi nitasema mwenyewe," akasema. "Tomaso alionyeshwa. Aliomba majeraha, akaletewa majeraha, akaambiwa alete na mkono wake. Bwana hakumfichia. Hakumwambia, lipa kwanza uende nayo gizani." Akamgeukia Sospeter. "Mtumishi, maboksi yapo nyuma yako. Toa lolote. Iwashe hapa karabai yake, uishike mwenyewe mpaka ipate moto. Ukifanya hivyo nitakaa kwenye hiki kiti mpaka nizeeke."

Sospeter aliyatazama maboksi, akatutazama sisi, akanyoosha mikono yote miwili juu. "Tuombe," akasema. Na sisi tukafumba macho. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, mtu akisema tuombe unafumba, na yeye alilijua hilo. Aliomba muda mrefu. Tulipofumbua, Tabitha alikuwa ameondoka, na kiti kilikuwa kimelala ubavu. Nimewahi kujitetea kwamba sikujua la kufanya. Lakini macho yalikuwa ya kwangu, na niliyafumba mwenyewe.

Niliendelea kusoma pale mpaka kampuni ilipokufa, haikuchukua muda. Nilikwenda Nansio mara moja, kwa nauli yangu. Mzee Magesa alinisalimia kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia vidole vilikuwa vimeshikana, ngozi imevutika na kung'aa, ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine anachokitunza. Niliomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bado unasoma?" Akaagiza niletewe uji.

Baada ya ile simu ya mtoto wa Sospeter nilipanda gari nikaenda Kisesa, ambako Tabitha ana duka la taa za sola na balbu. Ameota mvi, mwili umepungua, sauti ni ile ile. Alikuwa anamjaribishia mama mmoja balbu, moja baada ya nyingine, pakiti nzima, na foleni nyuma inaguna. Nilisubiri.

"Sospeter amekufa," nikasema.

"Nimesikia. Mungu amrehemu, ana kazi."

"Wanataka nikasome Tomaso."

"Na watasema Amina," akasema, huku anachomoa balbu.

"Twende wote, dada Tabitha."

"Nina wateja."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaka Lameck, mimi nauza taa. Ushauri wanauza mbele huko." Yule mama wa balbu akacheka. Tabitha hakucheka, lakini alinivutia stuli kwa mguu, na nilikaa pale mpaka chakula cha mchana.

Nilikwenda kwenye ibada. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vyeupe, picha ya Sospeter mbele, na vijana wa mauzo wamejaa viti vya nyuma na fulana za kampuni zao. Nilipoitwa, niliacha kijitabu kitini nikapanda na Biblia. Nikasoma yote, kuanzia alipoomba kuona, na mahali alipoonyeshwa nilisoma mara mbili, polepole. Kisha nikasema, "Kulikuwa na mzee mmoja Nansio, akiitwa Magesa." Hapo yule kijana mwenye adabu, mtoto wa Sospeter, alikuwa amekwisha kusimama pembeni yangu. "Asante sana, mzee wetu," akasema, akitoa maikrofoni mkononi mwangu kama mtu anavyompokea mgeni mzigo. "Tumpigie Yesu makofi." Walipiga. Wakasema Amina, kwa sauti ile ile ya ghalani. Nikashuka ngazi nikiwa nimeshikwa kiwiko, kama mgonjwa.

Mlangoni vijitabu vilikuwa vimepangwa mezani, vya bure. Juu ya jalada palikuwa na jina la Sospeter. Nikachukua kimoja, nikatafuta, nikalikuta somo langu, neno kwa neno, hata koma zangu. Nikalichana. Nikachukua cha pili nikachana, na cha tatu. Binti mmoja mwenye fulana ya njano, kitambulisho cha mauzo kinaning'inia shingoni, alikuwa ananyoosha mkono achukue chake, akasita.

"Shikamoo, babu. Mbona unachana neno la Mungu?"

"Marahaba. Hili si la Mungu. Ni langu."

Akaitazama karatasi niliyoikunja ndani ya ngumi. Nilikuwa naelekea kwenye pipa la taka. "Sasa limeandikwa nini?" akasema. "Naomba nione."

Nilitaka kumwambia aende zake. Sikutaka mtoto wa watu aone nilichoandika nikiwa na umri kama wake. Lakini alikuwa ameshafungua kiganja. Nikaikunjua ile karatasi juu ya meza, nikainyoosha kwa upande wa mkono, nikamsogezea.

"Soma," nikamwambia. "Soma lote, sitaondoka. Ukimaliza nitakuambia mkono wa Mzee Magesa ulivyokuwa."